Kelda Amekufa Mara Kumi na Moja

Viti vilikuwa sita, watu wawili.

Nadine Krueger alikaa kile cha karibu na tanuri la kupasha nyumba joto, kama alivyokaa kila Jumamosi saa nane mchana kwa miaka saba, akavua glavu zake kidole kimoja kimoja bila haraka, kama mtu aliyekuja kwa daktari wa meno. Viti vinne vitupu vikamtazama. Duane Halvorson hakuwahi kuviondoa. Alivipangusa vumbi kila wiki, akavisogeza mezani vikae sawa, utadhani wenyewe wamekwenda msalani mara moja na watarudi.

Hawakuwa wanarudi. Wana wa Pete walianza hoki ya barafuni, na baba akishaingia kwenye hoki hana Jumamosi tena mpaka wajukuu. Tammy alimfuata mumewe Iowa. Roger, ambaye alikuja na kitabu cha sheria za mchezo mapajani kama wakili wa kesi ya mauaji, aligombana na Duane juu ya swali moja: je, mtu aliyefanywa haonekani kwa uchawi hulowa akinyeshewa. Walibishana saa moja na nusu, Roger akabamiza mlango, na mpaka leo hakuna anayejua jibu. Wa nne alikuwa Lyle. Mtu wake mchezoni alikuwa mwizi anayewaibia wenzake wenyewe, na kila aliposhikwa aliinua mabega: nifanyeje, jamani, ndivyo mhusika wangu alivyo. Mwisho akamwacha mkewe akaenda Green Bay na muuguzi, na inasemekana hata siku ile alisema hivyohivyo.

Wakabaki wawili katika chumba cha chini ya nyumba ya Duane, na dirisha dogo juu ukutani lililojaa theluji.

Mchezo wenyewe ni wa maneno. Mmoja husimulia, naye ndiye mwenye mchezo: huwa mfalme, huwa mwenye gesti, huwa joka, huwa hata mvua. Wengine kila mmoja ana mtu wake wa karatasi, anamsemea na kumwamulia. Pale isipojulikana kama shoka limepata au limekosa, hurushwa dadu ya pande ishirini: namba kubwa limepata, ndogo limekosa, na dadu haina ndugu wala jirani. Za maadui hurushwa na mwenye mchezo mwenyewe, nyuma ya kiambaza cha kadibodi kilichosimamishwa mezani, wachezaji wasione. Hutazama, akasema: imekupata. Au: imekukosa. Nao humwamini. Wasipomwamini hakuna mchezo tena, kuna watu wazima tu wanaokula jibini chini ya ardhi.

Mtu wa Nadine aliitwa Kelda. Alikuwa na futi sita na nusu, shoka la mikono miwili, na kovu shingoni alilolipata kwa mtu ambaye hakuishi kuelezea. Nadine mwenyewe alikuwa na futi tano akivaa buti, aliuza mbegu na chakula cha kuku katika duka la wakulima, na ukimkanyaga mguu yeye ndiye aliyeomba radhi. Katika miaka ile saba kila mtu wa mezani pale aliwahi kufiwa na mhusika wake. Mchawi wa Roger alikufa mara tatu. Kelda, hata mara moja. Ilikuwa fahari ya Nadine, na hakuwa na nyingine ya kuazima.

Leo alikuwa amekuja kuaga.

Kaka yake Glenn angefika Alhamisi na gari kubwa. Nyumba ya mama yao ilikuwa imepata mnunuzi. Vyombo vingepakiwa, Nadine angepakiwa, na safari ingekuwa ya Arizona, kwenye chumba nyuma ya gereji ya Glenn ambako, kwa maneno yake, dada mtu hatashika tena koleo la theluji maishani. Hakumuuliza. Alimpa taarifa, kama mtu wa umeme anavyokupa taarifa. Na Nadine aliposema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, kwamba ana marafiki huku, Glenn alicheka kwenye simu. Rafiki gani? Yule fundi wa matanuri? Mwanaume ana miaka hamsini na sita, hajaoa, anafuga majoka chini ya nyumba, na wewe unampelekea chakula kila wiki kama anaumwa.

Marehemu mama yao naye hakuwa na mengi mazuri ya kusema. Alisema tu kwamba Duane ana mikono mizuri kwa mtu asiye na cha kushika.

"Umechelewa dakika nne," Duane alisema sasa. Alikuwa ameketi ng'ambo ya kiambaza chake, anaonekana kuanzia miwani kwenda juu. "Kelda ana baridi?"

"Kidogo."

"Alilala?"

"Siyo sana."

Hivyo ndivyo walivyojuliana hali. Duane hakuwahi kumuuliza Nadine amelalaje, alimuuliza Kelda. Na alipokuwa na neno la upole, alimpa Mzee Obb aliseme, mwenye gesti wa kule mchezoni, ambaye daima, hata gesti ikijaa mpaka zizini, alikuwa amemwekea Kelda chumba kimoja chenye moto. Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hao hawajamwona Duane Halvorson. Yeye alikohoa miaka saba nyuma ya kadibodi, na kila mtu akadhani ni joka.

Nadine alikuwa ameyatafuna maneno yake njia nzima kwenye gari. Akayaanza.

"Duane. Alhamisi hii…"

Duane akasema viazi vinaungua, akapanda ngazi kwenda jikoni. Viazi havikuwa vinaungua. Alinusa kinachokuja tu, kama ng'ombe anavyoinusa theluji.

Nadine akabaki peke yake na viti. Juu alisikia mlango wa jiko ukifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena. Mtu anajificha ndani ya nyumba yake mwenyewe, akawaza, nami nimeshindwa kumuaga. Lakini alijijua, na kwa kujijua alikuwa amekuja na barua, mistari sita kwenye karatasi ya duka, endapo mdomo ungemsaliti. Aliitoa mfukoni. Angeiweka chini ya daftari la Duane, aikute jioni ashaondoka.

Ndiyo maana alizunguka meza. Wapo watakaosema alikwenda kuchungulia, nao hawamjui. Nyuma ya kiambaza mchezaji haendi. Hata Lyle, mwizi wa karatasi na wa kweli, hakuwahi kwenda. Nadine alikwenda amefumba jicho moja, kama vile nusu ya kosa ni nusu ya dhambi. Akaliinua daftari ili kuingiza barua, nalo, kwa kuwa lilizoea kufunguliwa mahali pamoja, likafunguka ukurasa wa mwisho.

Juu paliandikwa jina moja, Kelda, na chini yake mistari kumi na mmoja kwa mwandiko ule wa Duane wa kubana.

Mara ya kwanza, Oktoba 9. Nguruwe mwitu, ishirini. Nimesema imekosa.

Akafumbua jicho la pili.

Mara ya nne, sumu. Hakustahili.

Mara ya saba, Februari 12. Mishale miwili, yote imepata. Amevaa nyeusi. Nimesema upepo.

Nadine akaketi kwenye kiti cha Duane bila kujua amekaa. Februari 11 walikuwa wamemzika mama. Kesho yake ilikuwa Jumamosi, akaja na gauni lilelile la mazikoni kwa sababu hakujua mahali pengine pa kwenda nalo. Na aliukumbuka ule upepo. Ulitoka mashariki ghafla, ukaipeperusha ile mishale, na Kelda akacheka. Jioni ile Nadine alirudi kwenye nyumba tupu, akawasha taa zote, akaiambia meza ya jikoni: angalau mmoja wetu hakufa.

Kumbe alikufa.

Ngazi zililia. Duane alishuka akiwa ameshika bakuli la viazi na nyama ya kusaga kwa glavu mbili za jikoni, akamwona alipoketi, akaona daftari. Alisimama katikati ya ngazi, mvuke ukipanda usoni pake na kuifunika miwani, hivyo kwa muda hawakuonana macho.

"Huo ni upande wangu," alisema.

"Kelda amekufa mara kumi na moja."

Akashuka, akaweka bakuli mezani taratibu. Alivua glavu moja, ya pili akaisahau.

"Kumi," akasema. "Ile ya darajani sina hakika nayo. Dadu iliegemea kitabu, haikulala sawa."

"Roger ulimuua mara tatu."

"Roger alikuwa Roger."

"Usinichekeshe, Duane. Nikicheka nitashindwa kukasirika, na nataka kukasirika." Akalifunga daftari. "Glenn ananiamulia pa kuishi. Dukani wananiamulia siku za kwenda kazini. Mama alinichagulia mpaka koti hili. Palikuwa na mahali pamoja duniani, pamoja tu, ambapo nilinusurika kwa akili yangu. Nikiwa dukani, mtu akinisemea ovyo kwa sababu ya gunia la mahindi, nilikuwa najiambia: huyu hajui mimi nimepita wapi. Kumbe sijapita popote. Ulikuwa umenibeba mgongoni, wala hukuniambia."

Duane alikitazama kile kiambaza chake, lakini safari hii alikuwa amesimama upande usio wake.

"Wengine wakifiwa, wanachora mtu mpya, wiki ijayo wako hapa," alisema. "Nilijua wewe hutafanya hivyo. Kelda akifa, ungesema asante kwa viazi, ungeosha bakuli, usingerudi."

"Ulijuaje?"

"Nakujua."

Lililomuuma ni kwamba kweli alimjua.

Basi akamwambia yote, kwa kuwa hasira ilikuwa imemfungua mdomo: Alhamisi, gari kubwa, mnunuzi, chumba nyuma ya gereji. Aliyasema huku akiitazama barua yake mkononi, haina kazi tena. Alipomaliza, aliikunja akairudisha mfukoni. Duane alikuwa ameng'ang'ania mgongo wa kiti cha Tammy. Midomo yake ilicheza. Kisha ikatoka sauti nzito ya kukwaruza, ya mzee mwenye tumbo kubwa.

"Binti, moto umewashwa, na chumba…"

"Usimlete Obb hapa," Nadine alisema. "Kama una neno, liseme kwa mdomo wako."

Alimngoja. Alimngoja kwa macho, na macho yake yalikuwa yamekwisha kusema kila kitu kilichobaki kusemwa, mtu angehitaji tu kuitikia. Duane akafungua mdomo wake mwenyewe, ule usio na Obb wala mfalme wala joka, na ndani hamkuwa na kitu. Akaufunga.

Nadine akatikisa kichwa polepole. Akainuka, akarudi upande wake wa meza.

"Basi tucheze," akasema. "Joka liko palepale tulipoliacha. Ondoa hicho kikadibodi, urushe mbele yangu."

Duane alikikunja kiambaza mara mbili, akakilaza sakafuni. Meza ikawa ngeni, pana kupita kiasi, imebaki bakuli la viazi na dadu na mikono yao. Aliketi. Akaanza kusimulia, kwanza kwa kukwama, kisha ikamshika: njia nyembamba mlimani, upepo wa barafu, watu wa kijiji wakiteremka na watoto wao kuelekea mtoni, na juu yao joka limetandaza mbawa. Kelda peke yake njiani.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nasimama."

"Amebakiwa na damu kidogo. Ikitua kumi na tano kwenda juu, hayupo. Pango liko nyuma yako, liko wazi."

"Nimesikia."

"Nakuuliza tena kwa sababu ni haki yako kuulizwa mara mbili."

"Nasimama, Duane."

Akarusha. Dadu ikagonga ukingo wa bakuli, ikaruka, ikaanguka sakafuni na kukimbilia chini ya kiti cha Tammy. Wote wawili wakapiga magoti, vichwa vikakaribia kugongana. Nadine alisikia harufu ya sabuni ya ufundi shingoni mwake, na pumzi yake. Hawakuwahi kuwa karibu kiasi kile. Siku zote palikuwa na kiambaza katikati.

Dadu ilionyesha nne.

Nne. Joka limekosa, Kelda yu hai, na hakuna aliyemdanganya mtu. Nadine akapandisha macho. Duane alikuwa anaitazama ile nne kama mwenye njaa anavyotazama mkate dirishani. Hakuna mchezaji asiyeijua sheria ya dadu iliyoanguka sakafuni, na katika meza nyingine watu wamenuniana mwezi mzima kwa sababu yake. Lakini hapa pasingekuwa na wa kununa. Roger alikwishaondoka na kitabu chake. Duane angenyamaza tu, naye Nadine, Mungu amsamehe, angenyamaza.

Duane akaiokota.

"Ya sakafuni haihesabiwi," alisema.

Nadine alikuwa anamtazama uso wake, rangi imemtoka, jasho juu ya mdomo katikati ya Januari, na pale penye hasira pakaja kitu kikubwa kuliko hasira na kisichofanana nayo.

"Rusha tena," akasema.

Akarusha tena. Kumi na saba.

Hakuongeza chumvi. Alisema Kelda hakukimbia, kwamba joka lilimpiga akiwa amesimama na shoka lake limezama kooni mwa joka, na kwamba walioteremka walifika mtoni wote, mpaka kizee cha mwisho na bata wake. Alipofika kwa bata sauti ikamkatika. Nadine alilia kidogo, bila kelele, kwa ajili ya mwanamke wa karatasi. Na katikati ya kulia alishangaa kujikuta mwepesi. Ilikuwa muda mrefu tangu jambo limtokee ambalo halikupangwa na mtu.

Lakini aliyeketi mbele yake alikuwa anaiangalia tu mikono yake, mmoja mtupu na mwingine ndani ya glavu ya jikoni.

Nadine alivaa koti. Akafunga vifungo vyote, hata kile cha juu asichofunga kamwe, kwa kuwa vifungo huchukua muda.

"Asante kwa viazi," akasema, ambavyo hakuna aliyevigusa, akajisikia akisema hivyo, akapanda ngazi.

Nje kulikuwa na mwanga mweupe usio na jua. Mtaa mzima ulikuwa umejifungia. Aliwasha gari lipate joto, akatoa kikwanguzi, akaanza kukwangua barafu kwenye kioo cha mbele. Aliikwangua yote. Akakwangua cha upande wa abiria, ambako hakuna abiria. Akaenda nyuma, akakwangua kile kioo ambacho tangu alinunue lile gari hakuwahi kukikwangua, huku akijiambia Glenn amesema kweli, Arizona mtu hakwangui chochote. Mwisho vioo vikaisha. Akasimama na kikwanguzi mkononi, na lililomjia akilini ni jambo dogo: kwamba Jumamosi ijayo saa nane mchana angekuwa ameketi kitandani nyuma ya gereji, na hakuna mtu duniani atakayemuuliza kama Kelda amelala.

Mlango ukafunguka. Duane alitoka kwa sweta, akavuka ua bila koti, theluji ikimfika juu ya vifundo, akaja mpaka kwenye gari. Miguuni alikuwa na soksi tu.

"Mimi siyo Obb," alisema.

"Naona."

"Obb angesema vizuri zaidi."

"Obb hana ninachomdai. Sema wewe."

Pumzi yake ilitoka mawingu mawili, matatu. Nadine hakumsaidia. Alitaka sana kumsaidia. Alijikaza kwa kikwanguzi.

"Usiende," Duane alisema. "Kelda nimemuua, sisemi habari zake. Nasema wewe." Akafuta miwani kwa glavu ya jikoni. "Mwaka jana ulipougua mafua hukuja wiki mbili. Nilipika. Nilipanga viti. Nilikaa mle chini mpaka saa kumi na mbili nikiongea sauti zote, na hapakuwa na wa kunijibu. Sijui kuishi hivyo, Nadine. Nilijidanganya najua, lakini sijui."

Alisema jina lake. Pengine alikuwa amelisema kabla ya siku ile. Nadine hakukumbuka lini. Upepo ulipita kati yao, naye aliogopa, kwa kuwa mtu aliyezoea upweke hauvui kama glavu. Hakumkimbilia. Aliuvuta mkono wa Duane wenye glavu ya jikoni, akaushika kwa mikono yake miwili, na walisimama hivyo kwa muda kama watu wanaongoja kupigwa picha.

"Glenn anafika Alhamisi saa tatu asubuhi," akasema mwishowe. "Ana gari kubwa, atakuwa ameendesha siku tatu, na atakuwa na hasira. Mimi nitamwambia siendi. Kwa nini siendi, utamwambia wewe."

Duane akapauka kuliko alivyopauka kwa ile kumi na saba. Akatazama mwisho wa mtaa, kama vile gari limekwisha kuonekana.

"Saa tatu," alisema.

"Saa tatu."

"Nije na nini?"

Nadine aliitazama miguu yake kwenye theluji.

"Njoo na viatu," akasema.